Zebaki haiungui: kitenzi kinachowaponza wachimbaji wa Rongo

Wiki chache zilizopita nilijikuta Rongo, mji ulio kwenye barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Migori, nikisubiri matatu ijae. Subira huvuta heri, lakini huvuta njaa pia, kwa hivyo nikaingia kibanda cha chai. Mezani walikuwapo vijana wawili ambao udongo ulikuwa umewapanda hadi kwenye nyusi. Mmoja aliviona vitabu vyangu, akaniita mwalimu, na gumzo likaanza. Walikuwa wametoka machimbo ya dhahabu ya Kitere.

Nikamwuliza dhahabu hutenganishwaje na unga wa jiwe. Akanijibu bila kusita: “Ni rahisi, mwalimu. Unatia dawa kwa karai, unasugua, dawa inashika dhahabu. Halafu unachoma. Dawa inaungua, dhahabu inabaki.”

“Unachomea wapi?”

“Nyumbani tu, kwa jiko la makaa.”

“Na hiyo dawa ikishaungua inaenda wapi?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza upande gani. “Si inaisha, mwalimu? Kitu kikiungua si kimeisha?”

Wasomaji wa ukumbi huu wananijua. Wangetarajia nirudi nyumbani nimkosoe kijana yule kwa kusema “kwa karai” na “kwa jiko” badala ya “karaini” na “jikoni”. Safari hii hayo nimeyaacha. Kosa lililoninyima usingizi liko kwenye kitenzi, tena si kosa lake. Ni letu sisi tunaojiita walezi wa lugha.

“Dawa” aliyoizungumzia ni zebaki, na zebaki haiungui. Ikifikia nyuzi 357 za Selsiasi huchemka, na hata kabla ya hapo hutoa mvuke usioonekana wala kunuka. Mvuke huo huingia mapafuni mwa aliye karibu. Unaosalia hupanda hadi darini, ukipoa hugeuka tena kuwa vitone vya zebaki ileile juu ya mabati, sufuria, nguo na godoro. Hakuna chembe iliyopotea. Sumu hiyo hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi ya mama yake. Uingereza ya zamani mafundi wa kofia, waliotumia chumvi za zebaki kulainisha manyoya, walitambulikana kwa kutetemeka kwao.

Sasa tazama kitenzi “kuchoma” kinavyofanya kazi katika Kiswahili. Tunachoma mahindi, yanaiva. Tunachoma taka, zinateketea. Kilichochomwa kwetu ama kimeiva ama kimekwisha. Kitenzi hiki hakina maana ya tatu, ya kitu kilichohama kutoka kwenye karai kikaingia kwenye mapafu ya mtoto aliyelala chumba cha pili. Kwa hivyo kijana alifikiri sawasawa kabisa. Alipewa kitenzi, akafuata mantiki yake hadi mwisho, na mantiki hiyo ikamfikisha kwenye jiko la nyumbani.

Ili tuone tulivyofika hapa, hebu turudi nyuma kidogo, hadi maabara za Uingereza za miaka ya mwisho ya utawala wa Malkia Victoria. Kemia inayotumika Migori leo, kwa sehemu kubwa, ilipikwa huko.

Mwaka wa 1887, malkia huyo akiadhimisha miaka 50 kwenye kiti cha enzi, mkemia John Stewart MacArthur alikuwa akifanya majaribio mjini Glasgow pamoja na ndugu wawili, Robert na William Forrest, ambao walikuwa madaktari wa tiba. Swali lao lilikuwa la kibiashara. Zebaki, iliyokuwa ikitumika tangu enzi za Warumi, ilishindwa kuikamata dhahabu iliyojificha ndani ya mawe yenye salfa. Dhahabu nyingi ilikuwa ikitupwa na taka. Watatu hao walijaribu viyeyusho mbalimbali, na Oktoba mwaka huo wakaomba hataza ya mbinu waliyoipata: kuuloweka unga wa jiwe katika maji yenye sianidi.

Kwamba sianidi huila dhahabu halikuwa jambo geni. Mjerumani Elsner alikuwa amekwisha kueleza mnamo 1846 kuwa hewa ya oksijeni ni lazima iwepo ili kazi hiyo ifanyike. Walichokiongeza watu wa Glasgow ni vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kiasi: sianidi kidogo sana katika maji mengi, kwa sababu mchanganyiko hafifu hupendelea dhahabu na kuziacha metali nyingine nyingi. Cha pili kilikuwa njia ya kuirudisha dhahabu kutoka majini kwa kutumia zinki. Mwaka wa 1889 mbinu hiyo ilikuwa kazini katika mgodi wa Karangahake, New Zealand. Mwaka wa 1890 ilikuwa Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako wachimbaji walikuwa wameingia kina ambacho zebaki haikufua dafu. Migodi iliyokaribia kufungwa ikapata uhai. Wenye migodi wa Transvaal, wakichoka kulipia hataza, walienda mahakamani wakidai kwamba hapakuwa na jambo jipya, na mwaka wa 1896 wakashinda.

Nimelisimulia hili kwa sababu ya neno moja: hafifu. Mbinu iliyobadilisha uchumi wa Afrika Kusini ilisimama juu ya kivumishi. Wakemia wa enzi ile walijua kwamba kemia ni kazi ya vipimo na kwamba kipimo hukaa ndani ya maneno. Aliyesema “sianidi” bila kusema kiasi alikuwa hajasema kitu.

Kiswahili kinacho kitenzi cha jambo hili, tena cha kale: kuzimua. Ni kupunguza ukali wa kitu kwa kukiongezea maji. Mtu huzimua togwa, huzimua siki. Lakini waulize wanafunzi 10 wa kidato cha nne kuzimua ni nini. Kemia wamefundishwa kwa Kiingereza, na kwenye somo la Kiswahili hatukuwafundisha kuzimua, maana tulikuwa tukishindana nao kuhusu ngeli ya sianidi.

Nami nimo katika lawama hii. Nimewahi kuandika kurasa nzima kuhusu tahajia: tuseme sianidi au sayanaidi? Zebaki au mekyuri? Haya ni maswali halali. Tahajia moja ingetusaidia sote, na mimi naunga mkono sianidi na zebaki. Lakini sisi wahakiki tumeyafanya kuwa kazi yote. Tukishakubaliana juu ya nomino tunapangusa mikono na kwenda kulala, ilhali hatari imelala kwenye vitenzi.

Chukua “kuyeyusha”. Siagi huyeyuka juani, na sukari huyeyuka kwenye chai. Kiswahili cha kila siku kinatumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili ambayo kemia huyatenga. Siagi imepata joto ikawa maji. Sukari haikuhitaji moto, imetawanyika tu ndani ya kitu kingine. Dhahabu nayo ina njia zote mbili. Ukitaka kuigeuza maji kwa moto, unahitaji nyuzi 1064. Ukiitia kwenye maji ya sianidi yenye hewa, inatawanyika ikiwa baridi, polepole, bila moshi wala cheche.

Sasa mwambie mama anayeishi karibu na mtambo wa marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa na kurudiwa tena, kwamba pale “wanayeyusha dhahabu”. Atatazamia moto. Atamkataza mwanawe asisogelee tanuri. Lakini tanuri hakuna. Kuna tangi au bwawa lililotulia, lenye maji yanayoweza kuonekana kama ya kunywa, na ng'ombe aliyekata kamba hajui kusoma bango. Wataalamu wa istilahi wa Dar es Salaam walishatupa neno la kutenganisha: kumumunyuka, na maji yenyewe yakaitwa mmumunyo. Asili yake ni kumumunya, kama mtoto anavyoimumunya peremende mpaka inaisha mdomoni. Huwezi kupata picha iliyo wazi zaidi. Sianidi inaimumunya dhahabu. Atakayelisikia hilo hatatazamia moto. Ataelewa kwamba maji yale yana mdomo.

Nikisogea upande wa nomino, nakutana na “dawa”. Kijana wa Kitere hakuwa anaficha kitu alipoiita zebaki dawa. Tunasema dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya kupulizia mahindi. Dawa kwetu ni kitu chochote chenye nguvu ya kubadilisha hali, kiwe cha kuponya au cha kuua. Upana huo una hekima yake, kwa sababu mstari kati ya tiba na sumu mara nyingi ni kipimo tu. Na hapo nataka kuwaonyesha jinsi wakemia wa enzi hiyohiyo ya Victoria walivyolishika neno la Kiafrika lililokuwa na utata wa namna hiyo.

John Kirk alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika safari ya David Livingstone ya Mto Zambezi, kabla hajawa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar. Katika safari hiyo alikusanya sumu ya mishale ambayo wenyeji waliiita kombe. Mswaki wake ukagusana na sumu hiyo. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mkali, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Taarifa zake na mimea hiyo vilimfikia Thomas Fraser wa Edinburgh, aliyeichunguza kwa miaka mingi, akatenga kiini chake kinachoitwa strofanthini, na mwaka wa 1885 akakiwasilisha kwa madaktari wenzake kama tiba ya moyo. Mwaka wa 1888 Mfaransa Albert Arnaud akatenga kiini cha sumu nyingine ya mishale ya Afrika Mashariki, na jina alilokipa, uabaini, lina asili yake katika Kisomali.

Kuna dhuluma katika kisa hiki, maana waliovumbua sumu hizo hawakutajwa kama wavumbuzi. Hilo silifumbii jicho. Lakini kama mhakiki wa lugha natazama waliyoyafanya na neno. Kombe hawakulitupa. Mmea wenyewe hadi leo unaitwa Strophanthus kombe katika vitabu vya sayansi duniani kote. Kisha wakalizungushia neno hilo maelezo: linatoka kwenye mmea gani, linafanya nini moyoni, kiasi gani huponya na kiasi gani huua. Walichukua neno la wawindaji wakalirudisha likiwa limebeba maarifa zaidi. Sisi tumechukua maneno ya Glasgow tukayapokea yakiwa matupu. Sianidi imefika Migori kwa magunia na mapipa, maarifa yake yamebaki kwenye lugha ya waliouza.

Si ajabu basi kwamba wakemia wale walipenda sana kutoa majina yanayosema kitu. William Ramsay, mzaliwa wa Glasgow, alishirikiana na Lord Rayleigh mwaka wa 1894 kutangaza gesi isiyokubali kuungana na kitu chochote. Wakaiita agoni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Mwaka wa 1898 Ramsay na Morris Travers wakagundua nyingine tatu: neoni, yaani mpya, kriptoni, yaani iliyojificha, na zenoni, yaani mgeni. Hata sianidi ina hadithi, kwa kuwa mzizi wake ni neno la Kigiriki la rangi ya buluu, kwa sababu ilitokana na utafiti wa rangi maarufu ya buluu ya Prussia. Kwa Mwingereza aliyesoma Kigiriki, majina hayo yalikuwa maelezo mafupi. Kwetu ni sauti tu. Sisemi tuiite agoni “gesi mvivu”, ingawa nisingelia mtu akifanya hivyo darasani. Nasema kwamba neno likishapoteza maelezo yake njiani, anayelipokea ana wajibu wa kulitafutia mengine.

Je, tunafanya hivyo? Tuanze na nyumba yetu wenyewe, magazeti. Msomaji, jiwekee zoezi. Kila utakaposoma habari ya mto uliochafuliwa au mchimbaji aliyekufa, hesabu ni mara ngapi mwandishi ametaja jina la sumu na ni mara ngapi ameandika “kemikali hatari”. Kemikali! Chumvi ya mezani ni kemikali. Maji ni kemikali. Neno hili linajifanya la kisayansi huku likifuta tofauti zote ambazo sayansi ilihangaika kuzipata. Tena lina madhara. Mgonjwa aliyedhurika na sianidi na aliyedhurika na zebaki hawafanani hata kidogo. Sianidi huweza kuua mtu mzima kwa kiasi kilicho chini ya gramu moja, tena kwa dakika chache. Zebaki humnyemelea mtu kwa miaka. Ndugu wa mgonjwa akifika hospitali na kusema “ni kemikali”, daktari amenyimwa nusu ya habari anayoihitaji.

Kisha tuje kwenye kamusi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka wa 1990, na hadi leo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini hiyo ni kamusi ya wataalamu, haikuandikiwa kibanda cha chai. Chukua kamusi ya jumla uliyo nayo nyumbani. Tafuta sianidi. Ukiikuta, uliza kama kidahizo kimekuambia mambo matatu: kitu hicho kinaonekanaje, kinamfikiaje mtu, na kinatulizwaje. Kikiwa kimekuambia tu kwamba ni “aina ya sumu kali”, basi kimekuambia kile ambacho hata aliyeficha kopo tayari anakijua.

Kukosoa bila kuonyesha ni kupiga mluzi tu. Hili hapa jaribio langu la kidahizo, nanyi mlikosoe:

“Sianidi: chumvi nyeupe inayotumiwa kuimumunya dhahabu kutoka kwenye unga wa jiwe. Ikikutana na tindikali hutoa gesi inayoua haraka, kwa hivyo maji yake hutiwa chokaa wakati wote. Haitambuliki kwa macho ikishaingia majini. Ni sumu ileile inayotoka kwenye muhogo mchungu usiolowekwa na kuanikwa vizuri.”

Sentensi ya mwisho nimeiweka kwa makusudi. Migori na Homa Bay ni nchi ya muhogo. Bibi anayeumenya muhogo mchungu, akauloweka, akauanika na kuutwanga, anaiondoa sumu hii kabla hajasonga ugali. Anafanya kemia, tena nzuri. Kitu kinachompa tabu mjukuu wake kwenye mtambo wa marudio, yeye amekuwa akikishughulikia kwa miaka yote bila kukiita sianidi. Daraja hilo lipo tayari, na ni lugha tu inayoweza kumvusha mtu. Chokaa nayo ni neno ambalo kila fundi wa rangi analijua. Tindikali, ambalo tumelisahau tukakimbilia asidi, ni letu tangu zamani. Na zebaki lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, lugha iliyoyapa mataifa ya Ulaya neno la kemia lenyewe. Hatuna uhaba wa maneno. Tuna uvivu wa kueleza.

Wapo watakaonijibu kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuzimeza istilahi. Jibu langu liko ng'ambo ya mpaka, safari fupi kutoka Migori. Mwezi Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipozuia usafirishaji wa mchanga wenye madini kwenda nje, neno “makinikia” lilitoka kwenye vitabu vya wahandisi likaingia vijiweni. Haukupita muda mrefu, kinyozi na muuza karanga wakawa wanabishana kuhusu makinikia. Hakuna aliyewafundisha darasani. Neno lilitumiwa hadharani, likaelezwa, likarudiwa, na watu waliona lina uhusiano na mkate wao. Wachimbaji wa huko wanasema kuchenjua kwa kazi nzima ya kuyatoa madini kwenye mawe, nasi huku bado tunasema “kuprosesi”.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalipa heshima yake. Mtu anaweza kusema kwamba hata Kiingereza kinatumia neno la kuchoma kwa kazi hii ya zebaki. Ni kweli. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka wa 2013 na kuanza kutumika mwaka wa 2017, unaorodhesha matendo manne ambayo nchi zinapaswa kuyakomesha kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mawili kati yake yanataja uchomaji: uchomaji wa wazi, na uchomaji katika makazi ya watu. Jingine ni kulitia sianidi marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa, kwa kuwa sianidi huimumunya zebaki pia na kuirahisishia safari ya kwenda mitoni. Kwa hivyo kosa la kitenzi si la Kiswahili peke yake. Lakini tofauti ipo. Anayeusoma mkataba huo kwa Kiingereza anazungukwa na kurasa za maelezo yanayolisahihisha neno. Kijana wa Kitere hana kurasa hizo. Ana kitenzi tu. Kinachofaa kuwa sahihi kwanza ni kile ambacho mtu atabaki nacho peke yake usiku, jikoni.

Basi tuseme nini badala ya kuchoma? Kuna kukeneka, ambalo wataalamu hulitumia kwa kazi ya kukifanya kimiminika kiwe mvuke, kisha kuupoza mvuke huo na kuukusanya. Ni neno zuri kwa wale wanaotumia chombo kilichofungwa, kinachoinasa zebaki ili itumike tena. Kwa kazi ya wazi ya kwenye karai, mimi napendekeza kufukiza. Kila mtu anajua kufukiza ni nini. Ukifukiza udi chumbani, harufu huingia kwenye kanga, kwenye nywele, kwenye mapazia, na mgeni akija kesho bado anaisikia. Kitenzi hiki kinabeba ndani yake kile ambacho kuchoma kinakificha: kwamba kilichotoka kwenye chetezo hakikuisha, kimehamia kwa watu.

Najua udhaifu wa pendekezo langu. Kufukiza kuna sifa njema. Tunafukiza ili kunukiza, na mtu mwenye mafua hujifukiza ili apone. Kijana anaweza kusikia “kufukiza zebaki” akadhani ni tiba. Ndiyo maana sisemi kitenzi kisimame peke yake. Nasema mabango, redio na walimu waseme: “Ukiichoma zebaki unajifukiza sumu, wewe na wanao.” Sentensi moja, vitenzi viwili, na cha pili kinakisahihisha cha kwanza. Mwenye kitenzi bora zaidi ya hiki na akilete, nitakivulia kofia hapahapa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Machimboni hukutana Wajaluo, Wakuria, Wakisii na wengine kutoka mbali, na wanapotaka kuelewana wote husema Kiswahili. Kama onyo la sumu haliwafikii kwa lugha hiyo, kwa vitenzi vinavyosema kweli, basi hicho kifungu kwao ni pambo. Rongo ina chuo kikuu chake. Wasomi wa kemia na wasomi wa Kiswahili hawako mbali wao kwa wao. Wakae meza moja alasiri chache, waite na wachimbaji, waandike ukurasa mmoja tu wa maneno ya zebaki na sianidi. Maji ya eneo hili huishia Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na ambalo Waingereza walilibebesha jina la malkia yuleyule. Zebaki ikifika humo vijidudu huigeuza kuwa aina iliyo kali zaidi, inayojikusanya kwenye samaki. Kwa hivyo hata anayesoma ukurasa huu akiwa Kisumu au Mwanza, jambo hili liko kwenye sahani yake.

Matatu yangu ilijaa kabla sijamjibu kijana yule. Utingo alikuwa akipiga bodi, nami nikanyanyuka na vitabu vyangu. Akaniuliza, nusu kwa mzaha: “Sasa mwalimu, kama haiungui, tuseme inafanya nini?” Nilipanda gari sina jibu. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa, na nitampelekea mwenyewe nikipita tena Rongo. Hadi hapo, wewe uliye karibu naye, tafadhali mwambie jiko lile alitoe nje ya nyumba.